Nani Anashika Mkasi?

Sogeeni wadogo zangu, hasa ninyi mliomaliza kidato cha nne juzi juzi. Mtihani wenu hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na hata atakayechaguliwa kuendelea na kidato cha tano haendi kuripoti mpaka katikati ya mwaka. Hapo kati kuna miezi mirefu ya kukaa nyumbani, na nyumbani hakukaliki. Mama anahesabu vipande vya mkaa, mjomba kila akija anauliza, "Sasa wewe unafanya nini?", na rafiki yako aliyeacha shule mwaka juzi anapita mbele ya nyumba na simu mpya. Ni katika miezi hiyo ndipo vijana wengi hupata kazi ya kwanza. Na mimi kazi ya kwanza naijali sana, kwa sababu ndiyo inayokuzoesha. Ikikuzoesha kudhulumiwa na kunyamaza, utanyamaza hata ukiwa na miaka 40.

Nitawapa hadithi ya binti mmoja na kaka yake. Nimewatunga, msiende kuwatafuta Morogoro. Lakini kila kitakachowapata humu kimeshawapata vijana mnaowajua.

Binti ana miaka 17. Ni Desemba, msimu wa sare za shule, wakati mafundi cherehani wanaelemewa na sketi za buluu na mashati meupe, kwa kuwa shule zinafunguliwa Januari na wazazi wote wanataka nguo siku moja. Mtaani kwao kuna mafundi wawili. Wa kwanza ana jina, ana cherehani sita, ukuta mzima umejaa picha za mitindo. Binti alipokwenda kumwomba kazi, alimtazama mara moja tu akasema, "Njoo kesho asubuhi." Malipo hakuyataja, na binti aliona haya kuuliza. Ila kabla hajatoka alimwona dada mmoja pembeni, anakata nyuzi zilizoning'inia kwenye mashati yaliyokwisha kushonwa. Akamsogelea.

"Shikamoo dada. Uko hapa siku nyingi?"

"Marahaba. Mwaka wa tatu huu."

"Kwa hiyo shati zima unalitoa mwenyewe?"

Yule dada akatikisa kichwa. "Nakata nyuzi, napiga pasi, nashona vifungo, nafuata chai. Mkasi ni wa fundi. Hapa mkasi hatuugusi."

Wasiojua cherehani hudhani ufundi uko kwenye kukanyaga mashine. Kushona mstari ulionyooka ni mazoezi ya wiki chache tu. Ufundi wenyewe uko mezani, pale kitambaa kinapotandazwa na chaki ikapita. Anayekata ndiye anayejua kwamba mzunguko wa kwapa ukikosewa kidogo tu mkono mzima utavuta, kwamba kitambaa cha mistari lazima mistari yake ikutane ubavuni, kwamba pamba nyingine huloweshwa kwanza kwa sababu hurudi ikifuliwa. Ukikosea kushona unafumua na kurudia. Ukikosea kukata umekwisha kuharibu kitambaa cha mteja. Ndiyo maana mafundi wengi huulinda mkasi, na si wote wanaoulinda kwa kuogopa hasara. Wako wanaoogopa kwamba kijana akishajua kukata, mwakani atafungua banda lake mtaa wa pili.

Fundi wa pili alikuwa mama mtu mzima, cherehani mbili barazani, hana hata kibao cha jina. Yeye alimkalisha binti akamwambia: "Mwezi wa kwanza nakupa nauli na chakula cha mchana, maana utakuwa unanipotezea muda. Kuanzia mwezi wa pili nakulipa kwa kipande, sketi bei hii, shati bei hii, na kila Jumamosi tunafunga hesabu. Machi nakupa mkasi. Utaanza kukatia karatasi za mifuko ya saruji, ukiweza ndiyo uguse kitambaa."

Binti akaenda kwa yule mama. Nyumbani walinung'unika, kwa nini amekimbia jina kubwa akafuata baraza. Nami nasema alichagua vizuri, na alichagua kwa maswali mawili tu aliyomuuliza mtu aliyemtangulia.

Kila kazi ina mkasi wake, wadogo zangu. Kwenye gereji, spana boi anaweza kukaa miaka akileta spana na kuosha vyuma kwa petroli, na mwingine akawa anaitwa kila injini inapofunguliwa: "Njoo usikilize huu mlio, unatoka wapi?" Dukani, mkasi ni bei ya kununulia. Anayejua bei ya kuuzia peke yake ni muuzaji. Anayejua mzigo unatoka wapi, kwa shilingi ngapi, na mwezi gani unapanda, huyo kesho anaweza kuwa na duka. Kwenye bustani ya mboga, mkasi ni kujua dawa ipi ya mdudu yupi na kipimo chake. Kwa hiyo kabla hujaanza kazi popote, mtafute aliyeanza miaka miwili au mitatu kabla yako. Usimuulize kama kazi ni nzuri, maana atakujibu kwa adabu. Muulize siku hizi anaweza kufanya nini ambacho alipoanza hakukiweza. Akikosa la kusema, umeshajibiwa.

Lakini ujuzi haununui unga, na sitaki kijana yeyote aondoke hapa akidhani kwamba akifundishwa basi asilipwe. Yule mama alitaja mwezi mmoja, akataja na bei ya kila kipande baada ya hapo. Mafunzo yana mwanzo na mwisho. Kijana anayeambiwa "jitolee kwanza, tutaona", kisha mwaka unapita bado anafungua ofisi asubuhi na kuifunga jioni kwa nauli yake mwenyewe, huyo hafundishwi tena. Anafanya kazi bure, na mwenye ofisi anajua hivyo.

Sasa kaka yake. Huyu ana miaka 22, leseni anayo, akapata tajiri wa kumpa bodaboda ya mkataba. Mnaijua ilivyo: tajiri ananunua pikipiki, kijana anapeleka hesabu kila siku, siku zikitimia pikipiki inakuwa ya kijana. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi milioni 3, na hesabu ni elfu kumi kwa siku kwa siku 400. Zidisheni: milioni 4. Hiyo milioni inayozidi si lazima iwe dhuluma, kwa maana tajiri ametoa fedha yake yote mara moja naye anairudisha kidogo kidogo, tena anabeba hatari. Ila kijana aijue. Kaka yetu hakuizidisha.

Tuangalie siku yake moja. Siku nzuri anaingiza elfu 28. Anatoa elfu 10 za hesabu, elfu 8 za mafuta, elfu 4 za kula, elfu 2 anaweka za oili na tairi. Inabaki elfu 4. Siku ya mvua anaingiza elfu 15. Hesabu ni ileile elfu 10, mafuta elfu 5, na hapo hata chai hajanywa. Ndiyo maana mvua ikinyesha mnawaona bado barabarani, wameloa, wanakimbiza. Hawana kiburi cha mwendo. Wanaikimbiza hesabu. Na ndiyo maana wodi za MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, zinawajua sana vijana wa pikipiki na abiria wao.

Siku ya 290, kaka alianguka akavunjika mguu. Alikuwa amekwisha kupeleka shilingi 2,900,000. Tajiri alikuja kumpa pole, akaacha elfu ishirini za matunda, akaondoka na pikipiki akampa kijana mwingine. Kaka alipolalamika akaambiwa, "Mkataba ni siku 400, wewe umeishia njiani." Na mkataba wenyewe ulikuwa maneno matatu: tuaminiane, ndugu yangu.

Uaminifu ni kitu kizuri, na karatasi haiuvunji. Karatasi ya bodaboda inataka mambo machache sana: bei yote na siku zote; ukiugua inakuwaje; pikipiki ikikamatwa nani anaikomboa; bima ni ya nani; mkiachana katikati, fedha iliyokwisha kulipwa inahesabiwaje; na kadi ya pikipiki inabadilishwa jina lini. Mkaandike kwa mwenyekiti wa mtaa, kila upande na shahidi wake. Tajiri mwema hatakasirika. Atakayekasirika kwa kuombwa aandike alichokisema mwenyewe, mshukuru, amekuonyesha mapema. Kama mkasi wa cherehani ni kukata, mkasi wa bodaboda ni ile kadi. Ukiendesha mwaka mzima bila kujua itakuja mikononi mwako lini, umefanya kazi ya mtu.

Hii ahadi ya malipo ya baadaye ina historia chungu huko Mirerani, wilayani Simanjiro, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanite. Kwa miaka mingi vijana wanaoitwa wanaapolo wameshuka mashimoni bila mshahara wa mwezi. Mwenye shimo anawalisha, jiwe likipatikana wanagawana. Lisipopatikana, kijana amechimba miezi kwa ugali na maharage. Na walikuwako watoto walioitwa nyoka, kwa sababu miili yao midogo ilipita kwenye njia nyembamba ambako mtu mzima hapiti. Mwaka 1998 mvua kubwa ilijaza mashimo hayo na kuua wachimbaji wengi, na mwaka 2008 ikatokea tena.

Najua mtaniambia habari za Saniniu Laizer. Kweli, mwaka 2020 aliuza mawe mawili, kila moja likizidi kilo tano, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na nchi nzima ikamjua. Namfurahia kama mlivyofurahi ninyi. Lakini sikilizeni vizuri habari yake: Laizer alikuwa na mgodi wake na watu aliowaajiri. Kadi, tuseme, ilikuwa yake. Hadithi husafiri na aliyepata, na waliokosa hakuna anayewatangaza redioni. Kijana akichagua kazi kwa kumtazama mmoja aliyepata, awatazame na wale walioshuka shimo moja na kupanda mikono mitupu.

Turudi kwa binti, maana naye alipata jaribu lake. Ilipofika wiki ya kwanza ya Januari, sare zimerundikana mpaka dirishani, yule mama fundi alimwambia, "Leo tunakesha, mwanangu." Si kwamba alikuwa mtu mbaya, wateja walikuwa wamesimama mlangoni. Binti akajibu kwa upole, "Mama, nitakuja alfajiri kukipambazuka, lakini usiku sitaweza." Hakujua kwamba sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Akifika 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala kumtoa shuleni. Na mpaka atimize 18, migodi, viwanda na kazi nyingine za hatari hazimhusu.

Kwa walio na 18 na kuendelea, sheria hiyohiyo ya 2004 imeweka mipaka ambayo ningependa kila kijana aijue kama anavyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Saa za kawaida ni 9 kwa siku, zisizidi 45 kwa wiki, ndani ya siku zisizozidi sita. Ukipita hapo ni saa za ziada, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, unastahili mapumziko ya saa nzima. Kila wiki uwe na saa 24 za kupumzika. Likizo ya mwaka ni siku 28. Na unapoanza kazi, mwajiri anatakiwa akupe maandishi yanayosema kazi yako ni ipi, unaanza lini, saa ngapi kwa siku, mshahara kiasi gani. Kaka yetu hakuwa mwajiriwa kwa mpango ule wa hesabu, ndiyo maana nimemsisitizia karatasi yake mwenyewe. Lakini ninyi mtakaokwenda hotelini, dukani, kiwandani au kwenye kampuni ya ulinzi, mna sheria tayari.

Mipaka hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa, mkataba wake wa kwanza kabisa ulikuwa wa saa: nane kwa siku, 48 kwa wiki. Hapa kwetu, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1947, watu waliokuwa wakibeba magunia kwa mgongo na kulipwa kwa siku meli ilipokuwepo. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho la TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Kijana anayepumzika Jumapili leo anapumzika kwenye kivuli walichopanda hao.

Kuna kazi moja ambayo kivuli hicho hakijaifikia vizuri, nayo ndiyo kazi ya kwanza ya wasichana wengi kuliko wanavyopenda kusema: kazi za ndani. Binti analetwa mjini kutoka kijijini, anaambiwa shangazi atamtunzia mshahara, analala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na akitaka kwenda kwao hakuna hesabu ya kumpa. Kazi ya ndani ni kazi. Ina kima cha chini kilichotangazwa na serikali, ina saa, ina siku ya kupumzika. Mshahara uingie mkononi mwako au kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, hata kama ni mdogo. Na kama unaishi kwa watu, uwe na mahali pa kulala penye mlango unaofungwa kwa ndani. Hilo mimi naliweka juu ya mshahara.

Wako pia wanaoitwa Oman na nchi za Ghuba kwa kazi hizohizo, na wengine wamejenga nyumba kwa fedha ya huko. Ila pitia ofisi ya serikali ya huduma za ajira, soma mkataba ukiwa bado nyumbani, acha nakala kwa mzazi, na pasipoti usiitoe mikononi ikawa ya kufungiwa kabatini. Bila pasipoti, hata kazi ikiwa mbaya kiasi gani, huwezi kuiacha. Na kazi usiyoweza kuiacha si ya kumtakia mdogo wangu.

Maana hata kazi nzuri huachwa. Julai binti alipangiwa kidato cha tano, akaaga. Alikuwa amekata sketi zisizo na idadi na mashati machache, na shati moja aliliharibu kabisa kwenye kola. Yule mama alimkata nusu ya gharama ya kitambaa, nusu akaibeba mwenyewe kwa kuwa, alisema, alimwachia mkasi bila kumsimamia. Siku ya mwisho alimwandikia barua: jina lake, miezi aliyokaa, vitu anavyoweza kushona, namba ya simu ya fundi. Mwajiri rasmi anatakiwa na sheria kukupa cheti cha utumishi unapoondoka. Iombeni hiyo karatasi, hata kwa fundi wa barazani. Na ukifukuzwa unavyoona si haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA, hupokea malalamiko, lakini una siku 30 tu tangu siku ya kuachishwa. Vijana wengi hukaa miezi mitatu wakimlalamikia jirani, wanapofika mlangoni muda umekwisha.

Kaka mguu uliunga. Miezi aliyokuwa na magongo alikuwa akishinda kwenye gereji ya pikipiki jirani na kijiwe, kwa sababu ndiko kulikokuwa na benchi na maongezi. Fundi wa pale hakupenda kuona mtu amekaa bure. Akaanza kumpa kabureta afungue na kufunga, kisha klachi, kisha injini yenyewe. Mwaka uliofuata kaka alikuwa anajua zaidi ya wengi waliosomea, ila cheti hakuwa nacho. Basi akaenda VETA, ambako kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani: hawakurudishi darasani kuanza mwanzo, wanakutazama ukifanya kazi, wanakuuliza, wanakuambia upungufu wako uko wapi, ukifaulu unapewa cheti. Ulizeni kwenye chuo cha VETA cha mkoa wenu lini wanapokea majina, na mwende mkiwa mmeshajua kazi ipi mtaifanya mbele yao. Kaka alichagua klachi.